Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupima Jinsi Fosfeti Inavyoshikwa na Ajuvanti za Alumini

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kemia na wafanyakazi wa maabara wa Unguja na Pemba ambao wamepewa kazi ya kupima fosfeti kwenye ajuvanti, au wanaotaka kuifahamu kazi hiyo kabla ya kuianza. Msomaji anatarajiwa kuwa amewahi kushika pipeti na anajua maana ya moli, mengine yataelezwa.

Ajuvanti ya alumini ni nini?

Ajuvanti ni kiungo kinachotiwa ndani ya chanjo ili mwili uitikie antijeni, yaani kile kitu ambacho kinga hufundishwa kukitambua, kwa nguvu zaidi kuliko ambavyo ungeiitikia antijeni hiyo ikiwa peke yake. Zile za alumini ndizo zilizotumika kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1926 Alexander Glenny na wenzake nchini Uingereza walionesha kwamba toksoidi (sumu iliyoondolewa makali) ya dondakoo iliyogandishwa kuwa mashapo kwa kutumia shabu huamsha kinga kubwa kuliko toksoidi iliyoyeyuka kwenye maji. Leo shabu yenyewe haitiwi tena kwa njia hiyo ya zamani. Watengenezaji hutumia jeli zilizokwisha kutayarishwa, na antijeni huongezwa ili inate juu ya chembe zake. Mtoto anayepelekwa kituo cha afya kupigwa chanjo ya pamoja ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na Hib (bakteria Haemophilus influenzae aina ya b) hupokea alumini ya namna hii, na vivyo hivyo anayepigwa chanjo ya nimokoka.

Je, haidroksidi ya alumini na fosfeti ya alumini ni vitu viwili tofauti?

Ni tofauti, na majina yake yanapotosha. Kinachoitwa haidroksidi ya alumini, kwa kemia yake, ni oksihaidroksidi, AlO(OH), yenye muundo wa madini ya boemaiti isiyokamilika kuwa fuwele. Chembe zake za awali ni nyuzi ndogo sana zenye vipimo vya nanomita chache tu, na kwa sababu ya udogo huo gramu moja ina uso wa takriban mita za mraba 500. Katika pH ya 7.4 uso huo una chaji chanya, kwa kuwa pH inayoufanya usiwe na chaji yoyote iko karibu na 11.

Kinachoitwa fosfeti ya alumini ni haidroksifosfeti isiyo na umbo la fuwele, ambamo baadhi ya haidroksili zimechukuliwa na fosfeti. pH yake ya kutokuwa na chaji huwa karibu na 5, ikipanda au kushuka kulingana na kiasi cha fosfeti iliyomo, hivyo katika pH ya mwili ina chaji hasi. Ndiyo maana protini yenye chaji hasi hupendelea haidroksidi, na protini yenye chaji chanya, kama lisozaimu, hupendelea fosfeti ya alumini.

Fosfeti hushikwa kwa njia gani?

Kuna njia mbili zinazokwenda pamoja, lakini moja ndiyo yenye nguvu. Ya kwanza ni mvutano wa chaji: ayoni hasi ya fosfeti huvutwa na uso wenye chaji chanya. Ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kipimo chote hiki, ni kubadilishana nafasi. Haidroksili iliyoshikamana na atomu ya alumini huondoka, na oksijeni ya fosfeti huchukua nafasi yake na kujifunga moja kwa moja kwenye alumini. Kifungo hicho hakiondolewi kwa kuongeza chumvi, tofauti na mvutano wa chaji ambao hudhoofika chumvi inapozidi.

Dalili ya mabadilishano haya huonekana kwenye mita ya pH. Ukitia fosfeti kwenye haidroksidi ya alumini isiyo na bufa (mmumunyo unaozuia pH isibadilike), pH hupanda, kwa sababu haidroksili zinazofukuzwa huingia kwenye maji. Kwa maoni ya mwandishi, kila anayeanza kazi hii afanye jaribio hilo dogo kabla ya jingine lolote, kwa kuwa linamwonesha kwa macho yake kile ambacho baadaye atakisoma kwenye namba tu.

Kwa nini jambo hili lina umuhimu katika chanjo?

Sababu ni kadhaa. Antijeni nyingine zina fosfeti ndani yake: antijeni ya uso wa virusi vya homa ya ini aina ya B, kwa mfano, ina fosfolipidi, nayo hunata kwenye haidroksidi ya alumini kwa njia hii hii ya kubadilishana nafasi. Kiasi cha fosfeti ambacho ajuvanti inaweza kukishika kinatueleza, kwa kukadiria, ni nafasi ngapi zipo kwa ajili ya antijeni ya namna hiyo.

Vilevile, bufa ya fosfeti ni ya kawaida sana katika maabara za biolojia. Mtu akiitumia kuchanganyia chanjo yenye haidroksidi ya alumini, anaanza kuigeuza ajuvanti yenyewe: chaji chanya ya uso inapungua, na ikiendelea hugeuka kuwa hasi, na protini iliyokuwa imenata inaweza kuachia. Wengine hulifanya jambo hilo kwa makusudi na kwa kipimo, ili kulegeza mshiko uliozidi. Aidha, chanjo ikishachomwa hukutana na majimaji ya mwili ambayo nayo yana fosfeti, na fosfeti hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyoiachisha antijeni.

Basi ajuvanti inayoshika fosfeti nyingi ndiyo bora?

La. Hili ndilo kosa la kufikiri linalojitokeza mara nyingi zaidi. Utafiti umeonesha kwamba antijeni iliyoshikwa kwa nguvu kupita kiasi inaweza kuamsha kinga ndogo kuliko ile iliyoshikwa kwa wastani. Kipimo cha fosfeti kinaeleza tabia ya uso wa chembe. Hakisemi kama chanjo inakinga au haikingi. Swali hilo hujibiwa kwa vipimo vingine kabisa.

Chanjo hazitengenezwi Zanzibar. Kwa nini mtu wa hapa ajifunze kipimo hiki?

Kwa sababu kemia yake tunayo tayari, na tunaitumia mashambani. Udongo mwekundu wa kitropiki una oksidi za chuma na alumini zinazoshika fosfeti ya mbolea kwa mabadilishano yale yale ya haidroksili, na ndiyo maana mkulima anaweza kutia mbolea nyingi na mmea ukapata kidogo. Mtu aliyezoea kupima fosforasi ya udongo kwa rangi ya buluu ya molibdenamu ana nusu ya ujuzi unaohitajika hapa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) anayetafuta mada ya mradi isiyohitaji mashine za gharama kubwa anaweza kuanzia kwenye udongo wa Kizimbani au wa Wete na kufikia ajuvanti bila ya kubadilisha vifaa.

Kinachopimwa hasa ni fosfeti iliyoshikwa?

Kwa kawaida sicho. Kinachopimwa ni fosfeti iliyobaki majini baada ya chembe kuondolewa, na iliyoshikwa hupatikana kwa kutoa. Mpimaji yuko katika hali ya muuza duka anayeyajua mauzo kwa kuhesabu bidhaa zilizobaki kwenye rafu: ikiwa kitu kimepotea kwa njia nyingine, hesabu itakiandika kuwa kimeuzwa. Fosfeti iliyoganda kwenye plastiki ya kichujio, iliyojifunga na kalsiamu, au iliyopotea kwa pipeti mbovu, yote itaonekana kana kwamba imeshikwa na ajuvanti. Karibu maagizo yote yanayofuata yanatokana na jambo hilo moja.

Kipimo hufanywaje tangu mwanzo hadi mwisho?

Kwanza lijulikane kiasi cha alumini kwenye jeli. Lebo ya chupa ni ya kuanzia tu. Kipimo cha kawaida ni kuyeyusha jeli kwa asidi kwenye joto, kuongeza EDTA (kemikali inayojifunga na metali) zaidi ya inayohitajika, kisha kuipima iliyozidi kwa mmumunyo wa metali nyingine kama shaba au zinki. Kwenye chupa, jeli hujitenga: chini hukaa mashapo meupe mazito, na juu maji karibu safi. Chupa itikiswe kila mara kabla ya kuchota, si mara moja asubuhi, na ncha ya pipeti iwe pana. Ukichota mirija 10 mfululizo bila ya kutikisa tena, mrija wa mwisho hautakuwa na alumini sawa na wa kwanza, na hakuna hesabu ya baadaye itakayolirekebisha hilo.

Kisha tayarisha mirija yenye kiasi kile kile cha alumini na viwango vinavyopanda vya fosfeti, kwa kawaida kutoka kwenye fosfeti ya potasiamu dihaidrojeni, KH₂PO₄, iliyokaushwa kabla ya kupimwa. Chumvi iwe sawa katika mirija yote, na pH irekebishwe baada ya kuchanganya, wala si kabla. Mirija izungushwe kichwa chini miguu juu kwa mwendo wa polepole katika halijoto isiyobadilika. Muda ukifika, tia mirija kwenye sentrifuji, chota maji ya juu bila ya kuyagusa mashapo, na uyapitishe kwenye kichujio chenye vitundu vya mikromita 0.2 au vidogo zaidi. Mililita za mwanzo zinazopita kwenye kichujio zimwagwe.

Fosfeti iliyobaki hupimwa kwa njia ya Murphy na Riley, iliyochapishwa mwaka 1962. Molibdati ya amonia katika asidi ya salfuriki hujiunga na fosfeti, na asidi ya askobiki, ikisaidiwa na kiasi kidogo cha antimoni, huigeuza kuwa ya buluu. Rangi hukomaa kwa takriban dakika 10, na husomwa kwenye spektrofotometa katika nanomita 880. Kitendanishi kilichochanganywa hakidumu, kwa hiyo kitayarishwe siku ile ile. Kikiwa kimeanza kugeuka rangi kabla ya kukutana na sampuli, kimwagwe.

Kwa nini kuchuja kunasisitizwa hivyo ilhali maji yanaonekana safi?

Kwa sababu kitendanishi kina asidi kali. Chembe chache zilizoponyoka, ambazo jicho halizioni, zinaweza kuyeyuka humo na kuiachia fosfeti yake, na kipimo kitasoma fosfeti nyingi majini kuliko iliyokuwemo. Matokeo yake ni kwamba ajuvanti itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa fosfeti ya alumini, ambayo huyeyuka kwa asidi upesi kuliko oksihaidroksidi.

Naomba mfano wa hesabu.

Tuchukue namba za kufikirika. Mrija una miligramu 2 za alumini katika ujazo wa mwisho wa mililita 20. Fosfeti ilianza katika milimoli 1.00 kwa lita, na iliyobaki ni milimoli 0.55 kwa lita. Mwanzoni palikuwa na mikromoli 20, zimebaki 11, kwa hiyo zilizoshikwa ni 9. Hizo ni mikromoli 4.5 kwa kila miligramu ya alumini. Kwa kuwa miligramu 2 za alumini ni mikromoli 74.1, uwiano wa fosforasi kwa alumini kwenye uso ni 0.12.

Zingatia mambo mawili. Kiwango cha mwanzo, yaani 1.00, ni kile cha baada ya kuchanganya: jeli yenyewe huingia na maji yake, na maji hayo huizimua fosfeti. Pia, milimoli 0.55 kwa lita ni sawa na miligramu 17 za fosforasi kwa lita, ambazo ni nyingi mno kwa rangi ya buluu. Ukiizimua sampuli mara 20 utapata miligramu 0.85 kwa lita, na hapo mstari wa viwango, yaani mchoro wa rangi dhidi ya fosfeti inayojulikana, bado umenyooka.

Ni sampuli zipi za udhibiti zisizoweza kuachwa?

Tatu. Ya kwanza ni fosfeti bila ya ajuvanti, inayopitishwa kwenye mrija, sentrifuji na kichujio kile kile. Hii ndiyo inayostahili kuitwa kiwango cha mwanzo, badala ya namba iliyoandikwa kwenye daftari wakati wa kupima unga. Ya pili ni ajuvanti bila ya fosfeti. Ya tatu ni maji ya juu ya ajuvanti yaliyoongezwa fosfeti inayojulikana baada ya kuchujwa, ili kuhakikisha kwamba alumini iliyoyeyuka au kitu kingine hakizuii rangi. Anayekosa nafasi kwenye sentrifuji apunguze idadi ya viwango, asipunguze udhibiti.

Sampuli yangu tupu (isiyotiwa fosfeti) ina rangi ya buluu. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi ni vyombo. Sabuni nyingi za unga zina fosfeti, au ziliwahi kuwa nayo, na glasi huishika. Vyombo vya kazi hii viwekwe pembeni, vilowekwe kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, visuuzwe mara nyingi kwa maji yaliyoondolewa ayoni, na visioshwe kwa sabuni tena.

Maji nayo yaangaliwe. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake ni magumu kwa kalsiamu. Kalsiamu ikikutana na fosfeti katika pH iliyo juu kidogo hutengeneza mashapo, nayo fosfeti hiyo huandikwa kwenye hesabu ya ajuvanti. Maji ya kisima au ya bomba yaliyochemshwa na kuchujwa hayafai, hata yakiwa matamu kunywa. Silika, inayotoka kwenye maji au kwenye glasi ya zamani, nayo inaweza kutoa rangi ya buluu ikiwa asidi ya kitendanishi haitoshi.

Nitumie bufa gani?

Bufa ya fosfeti haitumiki kwa sababu iliyo wazi, na sitreti haitumiki kwa kuwa inajifunga na alumini na kuiyeyusha. Tris, HEPES na MOPS ndizo zinazotumika zaidi. Anayetumia Tris akumbuke kwamba pH yake hushuka kwa takriban 0.03 kwa kila nyuzijoto moja inayopanda. Bufa iliyorekebishwa asubuhi kwenye chumba chenye nyuzijoto 25 na ikatumiwa mchana, feni imesimama kwa kukatika umeme na chumba kimefika 30, imesogea karibu 0.15. Kiasi hicho si kidogo, kwa kuwa karibu na pH ya 7.2 fosfeti imegawanyika nusu kwa nusu kati ya maumbo yake mawili, H₂PO₄⁻ na HPO₄²⁻, na jinsi pH inavyopanda ndivyo mshiko unavyopungua.

Nisubiri kwa muda gani?

Fosfeti nyingi hushikwa ndani ya dakika za mwanzo, kisha hufuata mwendo wa polepole unaoweza kuendelea kwa saa nyingi. Pima katika nyakati kadhaa, kwa mfano baada ya saa 1, 4 na 24, ndipo uchague.

Mlinganyo wa Langmuir unatumikaje, na je, unaaminika?

Mlinganyo huu huhusisha kiasi kilichoshikwa na kiwango kilichobaki majini. Kwa kila mrija, gawanya kiwango kilichobaki majini kwa kiasi kilichoshikwa kwa kila miligramu ya alumini, kisha chora mgawo huo dhidi ya kiwango kilichobaki. Ukipata mstari ulionyooka, kinyume cha mteremko ni uwezo wa juu wa kushika, na mteremko ukigawanywa kwa mkato wa mhimili wima unatoa kipimo cha nguvu ya mshiko.

Kuhusu kuaminika, tahadhari inahitajika. Kiwango kilichobaki kinaonekana kwenye mihimili yote miwili, na jambo hilo peke yake huunyoosha mstari hata data zikiwa mbovu. Pia Langmuir alichukulia kwamba nafasi zote zina nguvu sawa na kwamba kilichoshikwa kinaweza kuachia kwa wepesi. Kwa fosfeti kwenye alumini, hakuna dhana kati ya hizo mbili inayotimia kikamilifu. Uwezo wa juu unaopatikana hufaa kulinganishia jeli zilizopimwa pamoja. Nguvu ya mshiko isitajwe kana kwamba ni sifa ya kudumu ya dutu hiyo. Na ni vyema kuonesha mchoro wa data zenyewe kabla ya kuzinyoosha.

Fosfeti ya alumini ina fosfeti tayari. Itapimwaje?

Hapa njia ya kutoa haitoshi, kwa sababu ajuvanti hii hushika na kuachia kwa wakati mmoja, na kinachoonekana ni tofauti ya hayo mawili. Mrija usio na fosfeti ya kuongezwa utaonesha fosfeti majini, na mrija wenye kiwango cha kati unaweza kuonesha mshiko wa sifuri ilhali mabadilishano yanaendelea. Anayetaka kuyaona mabadilishano yenyewe hutumia fosforasi-32, ambayo nusumaisha yake ni siku 14.3, kwenye maabara yenye kibali cha mionzi. Asiye na uwezo huo apime mambo mawili yanayowezekana: uwiano wa jumla wa fosforasi kwa alumini baada ya kuyeyusha jeli yote, na fosfeti huru iliyoko kwenye maji ya juu.

Sampuli iliganda kwenye friji. Bado inafaa?

Haifai. Barafu huzisukuma chembe pamoja zikashikamana, na kuyeyusha hakuzirejeshi. Chanjo za alumini huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 kwa sababu hiyo hiyo, na wafanyakazi wa chanjo hulitambua tatizo hilo kwa kutikisa kichupa na kuangalia jinsi mashapo yanavyozama upesi kuliko kawaida. Joto kali la otoklevu nalo hubadilisha uwezo wa kushika, kwa hiyo andika kama jeli ilipitishwa humo, na mara ngapi.

Je, shabu ya dukani Darajani inaweza kutumika?

Kwa somo la skuli, ndiyo. Shabu ni salfeti ya potasiamu na alumini. Ikiyeyushwa na kuongezewa alkali polepole hutoa jeli nyeupe ambayo itashika fosfeti vizuri, na wanafunzi wataona rangi ya buluu ikififia kadiri jeli inavyoongezwa. Lakini jeli hiyo si ile iliyomo kwenye chanjo: ina salfeti, haina muundo wa boemaiti, na hubadilika kila siku inayopita. Namba zake zisilinganishwe na za ajuvanti, na bila ya shaka isichomwe kwa mtu wala mnyama.

Je, kipimo hiki kinahusu usalama wa alumini mwilini?

Hakihusu moja kwa moja. Kiasi cha alumini kinadhibitiwa peke yake: Shirika la Afya Duniani na Farmakopea ya Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 1.25 kwa dozi moja. Kuhakikisha kikomo hicho ni kazi ya EDTA au ya mashine ya kupimia metali.

Matokeo yaandikwe vipi ili mwingine aweze kuyatumia?

Kila namba ya mshiko iambatane na pH iliyopimwa mwishoni mwa kuchanganya, halijoto, aina na kiwango cha chumvi na bufa, muda, kiasi cha alumini na njia iliyotumika kukipima, aina ya kichujio, na toleo la jeli pamoja na umri wake. Taja pia kipimo cha msingi: mikromoli kwa miligramu ya alumini, au moli kwa moli. Wapo wanaoandika kwa gramu ya jeli nzima, maji yakiwamo, na namba ya namna hiyo haisaidii mtu yeyote mwenye chupa tofauti.